Mwana-kondoo wa Maskini: Neno juu ya Waliao kwa Ajili ya Wanyama Wao



Mwezi huu twataka kuwakumbusha habari iliyoandikwa katika Kitabu cha pili cha Samweli, mlango wa 12, tangu mstari wa 1 hata wa 6. Nabii Nathani alitumwa kwa mfalme Daudi, akamsimulia habari ya watu wawili waliokaa katika mji mmoja. Mmoja alikuwa tajiri wa mifugo. Wa pili alikuwa maskini, hana kitu ila mwana-kondoo mmoja jike. Huyo alikua pamoja na watoto wa nyumba ile, akashiriki tonge na kikombe cha bwana wake, na usiku alilala kifuani pake. Alipendwa kama mtoto wa kike aliyezaliwa humo. Tajiri alipofikiwa na mgeni, aliona uchungu kugusa zizi lake mwenyewe, akamnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, akamchinja.

Mara nyingi tumehubiri habari hii kwa ajili ya dhambi ya Daudi, na hiyo ndiyo maana yake ya kwanza. Lakini leo tutazame neno jingine lililomo. Daudi aliposikia habari ile hakucheka. Hakusema kwamba mtu mzima hapaswi kuhuzunika kwa ajili ya kondoo. Alikuwa mchungaji tangu ujana wake, naye alijua jinsi moyo wa mtu unavyoshikamana na mnyama amleaye kwa mkono wake. Aliagiza kondoo alipwe mara nne, naam. Lakini sababu aliyoitaja ni hii, ya kwamba tajiri yule hakuwa na huruma.

Ndugu, neno hili lilituchoma sisi wenyewe, nasi hatuna budi kuungama mbele yenu.

Katika usharika tunaoutumikia yuko mama mjane, mkaaji wa kihamba kidogo kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Mnajua desturi yetu: ng'ombe wetu hawatembei malishoni, bali hukaa zizini karibu na nyumba, na akina mama huwaletea majani kwa kichwa kutoka tambarare, na migomba iliyokatwakatwa. Ng'ombe yule alishikwa na ndigana kali, ugonjwa uletwao na kupe. Matezi yalivimba chini ya masikio, homa ikapanda, pumzi ikawa nzito, akafa. Siku ya tatu sisi tulipita pale kwa shauri la sikukuu ya mavuno. Tulimkuta mama ameketi mbele ya zizi tupu, machozi yakimtoka. Tukamwambia, "Mama, usilie hivi. Huyo ni ng'ombe tu, si mtu. Mungu atakupa mwingine." Yule mama akajifuta uso kwa upande wa kanga, akatuletea kiti, akajibu kwa adabu habari ya mavuno. Hakulia tena mbele yetu. Nasi tulikwenda zetu tukidhani kwamba tumemfariji!

Jumapili ile hakuja kanisani, wala ya pili, wala ya tatu.

Yuko pia katika usharika wetu dada mmoja ambaye kazi yake ni kumsaidia daktari wa mifugo. Yeye ni muuguzi wa wanyama: huwashika wanapotibiwa, huwapa dawa, huwasafisha vidonda, na mara nyingi huwapo wakifa. Siku moja baada ya ibada alitufuata, akasema kwa upole, "Mchungaji, yule mama anaona haya kuja kanisani. Anasema amelia kwa ajili ya mnyama, na Mchungaji amemwona." Kisha akatueleza mambo tusiyoyauliza sisi. Ng'ombe yule alinunuliwa kwa fedha ya mwisho aliyoiacha marehemu mumewe. Kwa maziwa yake mtoto alilipiwa mahitaji ya shule. Kila asubuhi kabla ya jua mama alimsemesha, na ng'ombe alimwitikia kwa sauti yake. Mama alimwambia dada, "Katika nyumba yangu ndiye peke yake aliyeniitikia nikiita."

Wapendwa, sisi tuliona ng'ombe aliyekufa. Dada huyu aliona mjane aliyefiwa mara ya pili.

Hapo tulikumbuka Katekisimo Ndogo ya Dk. Martin Luther, aliyoitoa mwaka 1529, ambayo twawafundisha watoto kila mwaka. Katika maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani, mifugo yatajwa pamoja na nyumba na shamba, mke na watoto, kuwa ni vipawa vya Mungu. Tena katika maelezo ya ombi la nne la Sala ya Bwana, mifugo yahesabiwa ndani ya riziki ya kila siku. Basi tukiwafundisha watoto kumshukuru Mungu kwa mnyama akiwapo, twawezaje kuwacheka wakubwa wakilia akiondolewa? Luther mwenyewe alikuwa na mbwa nyumbani kwake Wittenberg, jina lake Tölpel. Katika mazungumzo yake ya mezani, yaliyoandikwa na wenzake, imo habari ya kwamba alimwona mbwa huyo akikodolea macho kipande cha nyama, akatamani kama yeye naye angaliweza kuomba kwa moyo wote namna ile. Hakuona haya kujifunza sala kwa mbwa.

Tena wachungaji wa Kilutheri wa zamani hawakulidharau jambo hili. Mwaka 1822 Mchungaji Christian Adam Dann wa nchi ya Württemberg, Ujerumani, alitoa kijitabu cha kuwaombea wanyama huruma kwa wanadamu. Na mwaka 1837 Mchungaji Albert Knapp aliunda mjini Stuttgart chama cha kwanza cha Ujerumani cha kuwalinda wanyama. Walijua mafundisho ya Mithali 12:10, ya kwamba mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake. Walijua pia jinsi kitabu cha Yona kinavyokwisha, pale Mungu anapotaja huruma yake kwa mji wa Ninawi, na wanyama wake wengi hawakusahauliwa.

Basi tulimwuliza dada yule, "Wewe huwafanyia nini watu hawa?" Naye alitueleza, nasi twawaandikia ili mjifunze pamoja nasi.

Kwanza, husema kweli kwa maneno ya wazi. Mnyama akifa, husema amekufa. Hasemi amelala, wala hamwachi mwenyewe akingoja nje bila habari. Ikiwa ugonjwa hauna hatari ya kuambukiza, humwacha mtu amguse mnyama wake mara ya mwisho. Ikiwa ipo hatari, au ikiwa nyama imekwisha kuingia dawa na haifai kuliwa, huyasema hayo pia, ingawa ni magumu kusikika katika nyumba ya maskini.

Pili, huuliza jina la mnyama, kisha hunyamaza na kusikiliza. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa naye chini pasipo neno. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa.

Tatu, hungojea swali moja ambalo karibu kila mtu huliuliza: "Je, ni kosa langu?" Mama yule alingoja siku mbili akitafuta fedha ya dawa, na siku mbili hizo zilimla moyo. Dada hakumwambia uongo kwamba siku mbili si kitu. Alisema, "Mama, ulifanya uwezalo kwa ulichokuwa nacho. Ugonjwa huu ni mkali. Wengine hufa hata wakitibiwa mapema. Na siku ile ya mwisho hukumwacha peke yake."

Nne, hurudi siku nyingine, asipoitwa. Wala hamhimizi mtu anunue mwingine upesi, kwa maana mnyama mwingine aweza kujaza zizi, asijaze pengo.

Labda mtu atasema, "Haya ni mambo madogo, kazi ya Injili ni kuokoa watu." Msikieni basi jambo jingine lililotokea katika mitaa yetu.

Kijana mmoja alikuwa na mbwa, rafiki yake tangu utoto. Mbwa aling'atwa na mbwa mgeni, na baada ya majuma machache akageuka tabia, akatokwa mate, akauma kila kitu. Watu walimtafuta wamwue, na kijana akamficha katika mibuni. Wengine walimtisha, wengine walimcheka. Dada yule alipofika na daktari, aliketi naye chini, akamwuliza jina la mbwa na habari zake. Kisha akamwambia kweli: hiki ni kichaa cha mbwa, dalili zake zikiisha kuonekana, hakuna dawa imponyayo mbwa, wala mtu, kilichobaki ni kumpunguzia mateso. Kijana alilia sana. Halafu yeye mwenyewe akawaonyesha mahali. Na baada ya yote kwisha, akanyosha mkono wake, akasema, "Jana alinilamba hapa, penye kidonda." Palepale mkono ukaoshwa kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, akapelekwa hospitali siku ileile kuchomwa sindano za kinga. Kijana huyo yu hai hata leo.

Fikirini, ndugu. Neno lile la kidonda lisingalitoka mbele ya watu waliomcheka. Mtu hufunua jeraha lake mbele ya yule aliyeheshimu machozi yake. Kichaa cha mbwa chakadiriwa kuwaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, hasa katika Afrika na Asia, na wengi wao ni watoto. Nao huambukizwa karibu wote na mbwa. Tangu Louis Pasteur alipomkinga mtoto Joseph Meister, tarehe 6 Julai 1885, kinga iko. Nasi twaambiwa na waganga kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Lakini nani atamleta mbwa wake kuchanjwa, akiwa amefundishwa kwamba kumjali mbwa ni aibu? Tarehe 28 Septemba ni siku ya kukumbusha habari ya ugonjwa huu duniani kote. Yafaa itangazwe katika kila mtaa, na walimu wawe wa kwanza kuleta mbwa wao.

Lakini tusipite mpaka. Wako watu wampao mnyama mapenzi wanayomnyima jirani, na hao yawapasa kuonywa. Wala tusimfariji mtu kwa ahadi tusizopewa. Mtoto akiuliza kama mbwa wake yuko mbinguni, tusijifanye kujua lisilofunuliwa. Tumwambie lililofunuliwa: katika Warumi 8 twafundishwa kwamba viumbe vyote vyaugua pamoja nasi, vikiungoja uhuru, na katika Mathayo 10 Bwana wetu asema habari ya shomoro wa bei ndogo kabisa, ambaye hata yeye haanguki Baba asipojua. Mnyama wako hakuanguka nje ya macho ya Mungu. Neno hilo latosha kushikwa na mkono uliao.

Tena msimsahau muuguzi mwenyewe. Yeye huingia katika nyumba moja yenye kilio, akatoka, akaingia katika nyingine. Wakati mwingine mkono wake humshika mnyama anayepigwa sindano ya mwisho ili asiteswe tena, kisha jioni hurudi nyumbani kupika chakula. Tulimwuliza dada, "Na wewe, nani hukufariji?" Akakaa kimya kitambo, akasema, "Mchungaji, hakuna aliyepata kuniuliza." Tangu siku hiyo twamtaja katika sala za usharika pamoja na waganga na wauguzi wa watu. Nanyi fanyeni vivyo hivyo kwa watumishi wa mifugo walio kwenu.

Nasi tulirudi kwa yule mama. Hatukuchukua mahubiri. Tulisema, "Mama, tulikukosea, utusamehe." Akatutazama sana, kisha akatuletea kiti kilekile. Tukamwuliza ng'ombe wake aliitwaje. Akasema, "Aliitwa Sikudhani, maana sikudhani kwamba maskini kama mimi nitakuwa na ng'ombe." Akatueleza habari zake hata jua likapungua, mara akilia, mara akicheka. Jumapili iliyofuata alikuwa mahali pake kanisani.

Basi, walimu na wainjilisti, mkipita nyumbani mwa mtu mkamkuta akilia, msipime kwanza kama kilio chake chastahili. Ketini. Ulizeni jina.

Bwana Yesu, Mchungaji mwema, uliyemtafuta kondoo mmoja na kumchukua mabegani, utupe macho ya kuona huzuni iliyofichwa kwa haya, na ulimi ujuao kunyamaza. Uwatie nguvu wote wanaowauguza wanyama wako. Amin.