Amana ya Dawa Baina ya Mgonjwa na Msimamizi Wake

Maradhi ya kifua kikuu hayaponi kwa dawa ya siku mbili tatu. Matibabu yake ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya kwanza kwa dawa za namna 4, na miezi 4 ifuatayo kwa namna 2. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa maradhi haya mwaka 1977, kwa msaada wa Dk. Karel Styblo, na msingi wake mmoja ni kwamba awepo mtu wa kumshuhudia mgonjwa akimeza. Mwaka 2006 ukaanza utaratibu wa kumpa mgonjwa hiari: ameze mbele ya mganga wa zahanati, au nyumbani mbele ya msimamizi aliyemchagua mwenyewe.

Basi huzuka swali: siku za dawa zikipotea, lawama ni ya nani?

Na utazamwe mfano wa Malinyi. Ufikapo msimu wa mpunga, wengi katika bonde la Kilombero huhamia vibanda vya mashambani, mbali na zahanati, na masika hufurikisha bonde na kukata njia. Mgonjwa amepata nafuu, kikohozi kimetulia, na shamba lamwita. Msimamizi, naye ni nduguye, amebaki kijijini na watoto. Kila jioni atia alama katika kadi kwa dawa asiyoiona ikimezwa, akidhani amemsitiri nduguye.

Wako wasemao: mwili ni wa mgonjwa, basi lawama yote ni yake. Wengine husema: aliyekubali usimamizi ndiye mwenye dhamana. Kauli zote mbili zina upungufu. Wajibu haugawanywi kama pishi ya mpunga, vibaba viwili kwa viwili. Kila mtu hupimwa kwa alilolijua na aliloliweza. Mgonjwa yampasa ameze, na aseme kweli siku asiyomeza. Nafuu si udhuru, kwani vijidudu vilivyosalia huweza kuwa sugu, na madhara yakawafikia walalao naye chumba kimoja. Msimamizi haulizwi kwa nini mto ulifurika. Huulizwa kwa nini aliandika asiloliona. Alama ile humnyima mganga khabari ambayo ingemwokoa mgonjwa.

Wallakini uko mzigo usio wa wawili hawa peke yao, nao ni masafa. Atoaye dawa bila kuuliza mgonjwa atakaa wapi wakati wa kilimo, ana fungu lake. Jirani apitaye zahanatini akakataa kuchukua ujumbe, naye ana lake. Simu hufikisha ukumbusho hatta shambani, lakini haivuki mto na vidonge.

Kwa hiyo wajibu haupimwi kwa wingi wa alama. Kadi yenye pengo la kweli ni bora kuliko kadi iliyojaa uwongo, kwani pengo likijulikana mapema hutafutiwa dawa. Na alitajaye siku ile ile, awe mgonjwa au msimamizi, ametimiza sehemu kubwa ya amana yake.