Majibu ya Mwenzako Si Majibu Yako

Ndugu zangu, leo nasema na ninyi mnaolala kitanda kimoja na mtu anayemeza ARV. Mkeo amepima, ana kadi ya CTC, kliniki ya dawa hizo, kila tarehe anahudhuria. Na wewe? Ukiulizwa unajibu, "Yangu yanajulikana, nimeishi naye miaka yote hii." Nani amekujulisha? Wapo waliozaa watoto watatu pamoja, mmoja ana VVU na mwenzake hana. Hukumu uliyojikatia mwenyewe haijapita maabara!

Naumia nikimfikiria mama anayejaza pamba kwenye kopo la dawa lisije likalia mumewe akasikia, kisha akalizamisha kwenye ndoo ya unga. Ndugu, mwache ameze dawa zake mezani, mbele yako. Kwa uhai wako mwenyewe, mwache! Maana akimeza bila kuruka, virusi vikafubaa hata kipimo kisivione, hakuambukizi kwa tendo la ndoa. Watafiti wa PARTNER, huko Ulaya, waliwafuatilia kwa miaka wenza wa namna hiyo wasiotumia kondomu. Walipotoa matokeo 2016, na tena 2019, hawakukuta hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza aliyefubaza virusi.

Lakini dawa anazomeza yeye hazikutibu wewe. Kama unavyo, anza zako mapema, kabla kifua kikuu hakijakuwahi. Kama huna, zipo kondomu, zipo dawa za kujikinga, PrEP, mpaka virusi vya mwenzako vifubae.

Mnaona haya kupima? Julai 2007 Rais Kikwete alipima hadharani, yeye na mkewe, Mama Salma, akizindua kampeni ya taifa. Nanyi hamtakiwi kupima hadharani. Tangu sheria ya UKIMWI iliporekebishwa 2019, mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe: unapitisha kijiti kwenye fizi, juu na chini, unakitia kwenye kichupa chake, unasubiri dakika 20. Mistari miwili ikitokea, nenda kituoni wakuhakikishie. Ukitokea mmoja, nawe hukujikinga karibuni, rudia baada ya miezi mitatu.

Asikuburute mtu, wala wewe usimburute mwenzako. Na atakayempiga mkewe kwa sababu ya majibu, huyo ametenda dhambi na kosa la jinai. Ila tarehe ya kliniki ya mwenzako ikifika wiki hii, usimwache aende peke yake. Ongozana naye, ingia naye ndani, umwambie muuguzi: na mimi nimekuja kupima.