Mtoto kuitwa Mason: tunapenda sauti au maana?

Kijana mmoja niliyepata kumsomesha madrasa alinijia siku mbili kabla ya akika ya mwanawe. Mtoto kampa jina la Mason, mama mkwe kagoma kuhudhuria, naye akataka hukumu: ni haramu au si haramu? Nilimuuliza maana ya jina hilo. Hakuijua. "Linasikika vizuri tu, ustaadh."

Mason ni mwashi, fundi wa kujenga kwa mawe. Ni neno lililoingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, likawa jina la ukoo la wenye kazi hiyo, kama Waarabu walivyo na akina Haddad (wahunzi) na Najjar (maseremala). Wenyewe walipoanza kumpa mtoto jina la ukoo kuwa jina lake la kwanza, mara nyingi lilikuwa la ukoo wa mama, lisije likapotea. Leo ni mtindo tu. Mwaka 2011 Mason lilishika nafasi ya pili kwa majina ya watoto wa kiume Marekani. (Na wanaoshtuka kwa sababu ya Freemason wajue kuwa jina la ukoo ni la kale kuliko Baraza Kuu la chama hicho, lililoundwa London mwaka 1717.)

Kisharia, jina si lazima liwe la Kiarabu. Mtume (s.a.w.) aliangalia maana: mtu aliyeitwa Hazn, yaani ugumu, alimtaka awe Sahl, wepesi. Wapo wanazuoni wanaochukia majina yanayotambulisha dini nyingine, lakini uashi ni kazi, si dini.

Kilichonisumbua mimi ni kingine. Nilimuuliza, "Ungemwita Mwashi?" Akacheka sana. Ng'ambo ya njia fundi alikuwa juu ya jukwaa akipiga lipu, na nadhani alitusikia. Kazi ile ile, kwa Kiingereza ni fahari, kwa Kiswahili ni kichekesho! Hali Qur'an (2:127) inatusimulia Nabii Ibrahim na Ismail (a.s.) wakiinua kuta za Al-Kaaba kwa mikono yao, na msikiti wa Madina ulipojengwa, Mtume (s.a.w.) mwenyewe alibeba matofali. Ammar bin Yasir (r.a.) alibeba mawili mawili wenzake wakibeba moja moja, na jina lake lenyewe lina asili ya kuamirisha.

Basi jibu langu lilikuwa hili: si haramu, na mama mkwe hana hoja ya kususia akika. Akitaka maana hiyo hiyo kwa jina la Sahaba, Ammar lipo. Akibaki na Mason, ajiandae kumweleza mwanawe, siku atakapouliza, kwa nini baba yake alicheka jina hilo lilipotajwa kwa Kiswahili.