Kobe wa Fontenay

Ninapokaa na vijana wanaojifunza kuandika, huanza na kobe.

Kobe huyo yumo katika À rebours, riwaya ya mwaka 1884 ya Joris-Karl Huysmans, karani wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ufaransa. Kabaila Des Esseintes, wa mwisho katika ukoo wake, amechoka na watu. Anauza kasri la wazee wake, ananunua nyumba Fontenay, nje kidogo ya Paris, na kujifungia humo na vitu vizuri tu.

Alikuwa na zulia la Mashariki ambalo rangi zake zilimchoma macho. Akaona kitu cheusicheusi kikitembea juu yake, rangi zitatulia. Akanunua kobe. Lakini rangi ya gamba, mbichi vile ilivyo, ikazidi kuliharibu zulia. Mwingine angemrudisha kobe dukani. Yeye akaagiza gamba lifunikwe dhahabu. Dhahabu ikang'aa, naye bado hakuridhika. Akachagua mchoro wa maua ya Kijapani na kumpa sonara aupachike kwa vito. Almasi alizikataa, maana kila mfanyabiashara alikuwa nayo kidoleni. Zumaridi na yakuti nyekundu nazo akazikataa, zilimkumbusha taa za mabasi ya farasi. Alitaka mawe adimu, yenye mwanga wa kigonjwagonjwa.

Kobe akaletwa, akatulia pembeni. Bwana wake akanywa pombe zake tamu tone kwa tone, akiziunganisha kama mpiga kinanda aunganishavyo sauti. Alipokuja kumgusa, kobe alikuwa amekufa. Alizoea maisha ya unyonge chini ya gamba lake, na fahari ile ilimlemea.

Hesabuni mistari. Vito vimepewa kurasa, kifo kimepewa sentensi chache.

Siwadharau waandishi waliotukuza uzuri kwa ajili ya uzuri. Théophile Gautier alipodai mwaka 1835 kwamba kitu kizuri hakiwajibiki kuwa na faida, aliwajibu watu waliotaka kila shairi lifanye kazi kama koleo. Nasi tuliolelewa kwa mashairi ya mawaidha tunaijua kiu ya neno linalopendeza tu, bila kutumwa popote. Kiu hiyo ni halali. Ninachokiogopa ni saa ile kiumbe hai kinapotakiwa kulifaa zulia.

Oscar Wilde aliisoma riwaya ya Huysmans Paris mwaka uleule ilipotoka, akiwa kwenye fungate, na alama yake imo katika The Picture of Dorian Gray ya mwaka 1890. Humo Dorian anampenda Sibyl Vane, mwigizaji wa jumba duni la London. Siku binti huyo anapopenda kweli, uigizaji unamtoka, anaharibu jukwaani. Dorian anamwambia hana tena thamani kwake. Sibyl anajiua. Jioni baada ya kupata habari, Dorian anakwenda kusikiliza opera. Wilde, ambaye wengi humtaja kama nabii wa uzuri mtupu, hakulificha jambo hili. Aliuchora uso wa Dorian ukioza kwenye picha.

Na Des Esseintes? Mwili ulimgomea. Tumbo lilikataa chakula, akalishwa kwa bomba kupitia njia ya haja kubwa, na hata hilo akalifurahia kama ushindi dhidi ya maumbile. Hatimaye daktari akamwamuru arudi Paris kuishi na watu, la sivyo wazimu na kifo vinamsubiri. Ukurasa wa mwisho anaomba dua.

Barbey d'Aurevilly, mhakiki mzee, alipoimaliza riwaya aliandika kwamba mwandishi wake amebakiwa na mambo mawili: mdomo wa bastola au miguu ya msalaba. Mwaka 1892 Huysmans aliingia kwa muda katika monasteri ya Watrapisti huko Igny. Miaka ishirini baada ya riwaya ile aliiandikia dibaji mpya, akayarudia maneno ya Barbey, akajibu kwa ufupi kwamba uchaguzi umeshafanyika.