Makumbusho ya Mkunazini, na Fimbo Tunayotoka Nayo



Vijana wenzangu, kuna swali niliulizwa na kijana mmoja wa kwaya yetu tulipokuwa kwenye boti tukirudi Dar kutoka Unguja. Aliniuliza hivi: "Kukumbuka mabaya ya zamani si ni kutonesha kidonda tu? Mbona tunafundishwa kusamehe?" Nilimjibu juujuu, maana bahari ilikuwa imechafuka na wenzetu nusu walikuwa wanatapika. Ila swali ni zuri, nami nimekaa nalo wiki kadhaa.

Halikutoka hewani. Lilitoka Mkunazini.

Kama hujawahi kufika Mji Mkongwe, Mkunazini ndipo palipokuwa soko la watumwa mpaka 1873, Sultani Barghash alipobanwa na Waingereza akatia saini mkataba wa kulifunga. Krismasi ya mwaka huohuo ndugu zetu Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa palepale sokoni. Mapokeo yanasema altare imesimama mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watu viboko, na sakafuni kuna duara la marumaru linaloonyesha mahali penyewe. Ndani kuna msalaba uliochongwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone, kule Chitambo, Zambia ya leo. Nje kuna shimo lenye sanamu tano za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Hawatazami juu kwako. Hilo ndilo lililonigusa kuliko yote.

Halafu kuna vile vyumba vya chini. Unainama kuingia, dari iko karibu na kichwa, dirisha ni tundu tu. Mtembeza wageni anakwambia watu wangapi walisongamanishwa humo. Mbele yetu kulikuwa na watu wanapiga selfi, tena za kutabasamu. Nilitaka kukasirika, lakini sikupata nafasi, kwa sababu tulipotoka juani mmoja wetu alisema kwa sauti ya chini: "Sasa nimeelewa kwa nini siwapendi hawa."

Hawa. Sote tulijua anamaanisha nani. Na nusu saa tu kabla, pale Darajani, mmoja wa hao "hawa" alikuwa ametuuzia juisi ya miwa, akatuongezea bila kuombwa, akasema karibuni wageni wetu.

Kwa hiyo swali langu si kama tukumbuke au tusahau. Kusahau wala si chaguo letu, maana waliouzwa pale hawakutuomba tuwasahaulie. Swali ni nini kinatokea ndani yako unapokumbuka. Unatoka pale na nini mkononi? Mwenzetu alitoka na fimbo.

Tuanze na ukweli, maana fimbo nyingi hukatwa kwenye hadithi zilizofupishwa. Kwanza, hivyo vyumba vya chini. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba watumwa waliwahi kufungiwa mle. Wanasema lile jengo lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, kwa ajili ya hospitali, na vyumba vilikuwa ghala. Jamani, niliposoma hayo nilijisikia kama mtu aliyelia kwenye msiba wa nyumba isiyo yenyewe. Lakini soko lilikuwepo, na watu waliuzwa, hilo halina ubishi. Nadhani heshima ya kwanza kwa marehemu ni kutowasingizia hata mateso. Waliteseka vya kutosha, hawahitaji tuwaongezee.

Pili, nani alihusika? Ukisikiliza haraka, utadhani ni kabila moja na dini moja. Watu walikamatwa bara, na mara nyingi waliowakamata na kuwauza walikuwa Waafrika wenzao, machifu na majirani. Mikopo ya misafara ilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Pembe za ndovu zilizobebwa zilikwenda Ulaya na Marekani kuwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Karafuu za Unguja na Pemba, zilizochumwa kwa mikono ya watumwa, ziliuzwa dunia nzima. Na utumwa wenyewe haukufutwa soko lilipofungwa. Ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, miaka 24 baadaye. Watu waliendelea kusafirishwa kwa siri. Ukipanda daladala kuelekea kaskazini, kama kilomita 20 kutoka mjini, utafika Mangapwani, ambako kuna chumba kilichochimbwa kwenye mwamba karibu na bahari walikofichwa. Mahali padogo, hakuna mbwembwe. Mimi napapenda kuliko Mkunazini, kwa sababu hakuna anayekuharakisha.

Na sisi Wakatoliki? Hapa ndipo patamu, au pachungu. Mwaka 1452 Papa Nikolasi wa Tano alimruhusu mfalme wa Ureno kuwatia utumwani Waislamu na wapagani. Miaka 46 baadaye meli za Wareno zilifika pwani yetu hii hii. Ni kweli mapapa wengine waliikemea biashara hiyo, Gregori wa Kumi na Sita mwaka 1839, na Leo wa Kumi na Tatu mwaka 1888 aliandika waraka mzito. Ila hesabu mwenyewe miaka iliyopita katikati. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikwenda kisiwa cha Gorée, Senegal, akaomba msamaha.

Karibu zaidi na nyumbani: Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianza kazi Zanzibar mwaka 1863, kisha wakafungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Walinunua watoto sokoni ili kuwakomboa. Kazi ya upendo, na wengi walipona kwa ajili yake. Lakini fikiria. Fedha ya kumkomboa mtoto ilikwenda kwa nani? Kwa mfanyabiashara yuleyule. Na mtoto mwenyewe aliulizwa anataka kwenda wapi? Alipelekwa misheni, akaishi kwa kengele, akafanya kazi shambani, na wengine walitoroka. Je, walikosea mapadre wale? Mimi ningekuwa na fedha mkononi na mtoto analia mbele yangu, ningenunua. Na bado sitaki kumwambia mtoto yule kwamba siku hiyo alikuwa huru kabisa.

Yupo pia Salme, binti wa Sultani Said, aliyetoroka Unguja mwaka 1866 na kubatizwa Aden mwaka uliofuata kwa jina la Emily. Makumbusho ya Mji Mkongwe yanamtunza vizuri, naye anastahili, ni mwanamke aliyelipia mapenzi yake kwa kukosa nyumbani. Katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 1886 aliutetea utumwa wa kwao. Mkristo, mwenye elimu, mwenye moyo uliojeruhiwa, na hakuona.

Sasa rudi kwenye neno lenyewe. Kiswahili hakikupaita nyumba ya vitu vya kale. Kilipaita makumbusho, mambo ya kumkumbusha mtu. Na kila Jumapili tunasikia neno la ukoo huohuo altareni, ukumbusho. Lakini Misa haianzi na ukumbusho. Kabla ya yote tunajipiga kifua, kila mtu kifua chake. Sijawahi kuona muumini anapiga kifua cha aliyekaa benchi la mbele.

Kuhusu kusamehe, nitasema ninaloliona, padre wako anaweza kukusahihisha. Mtakatifu Josefina Bakhita, aliyetekwa Sudani akiwa mtoto na kuuzwa mara kadhaa, alisema angewapigia magoti waliomteka na kuwabusu mikono. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, makovu yalikuwa yake. Mimi sina. Siwezi kuwasamehe wauzaji kwa niaba ya waliouzwa. Na kwa sababu hiyohiyo, siwezi kuwachukia wajukuu wa wauzaji kwa niaba yao. Hawajanituma. Nasema hivi nikijua Wakristo wa Zanzibar nao wana kidonda chao cha karibu. Padre Evarist Mushi alipigwa risasi asubuhi ya Jumapili, 17 Februari 2013, alipokuwa anakwenda kuadhimisha Misa. Nisingependa mtu aichukue damu yake akamtishie nayo muuza juisi wa Darajani.

Basi tuwafanyie nini waliouzwa? Tuliporudi nilikwenda ofisi ya parokia na bahasha ya nia ya Misa. Katibu akafungua daftari, akashika kalamu, akauliza jina la marehemu. Nikamwambia ni wengi, majina siyajui, waliuzwa Mkunazini na Mangapwani. Akaniangalia kidogo. Akauliza, "Wakristo?" Nikasema wengi wao hawakuwa. Akaandika.