Mzigo wa Musa

Waisraeli walipokuwa jangwani, mzee Yetro alikwenda kumtembelea mkwewe Musa. Kesho yake alimkuta Musa ameketi kuamua mashauri ya watu, nao wamesimama mbele yake tangu asubuhi hata jioni, kila mtu akingoja zamu yake. Mzee alitazama sana, kisha akamwuliza kwa nini aketi peke yake. Habari hiyo imo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18.

Musa hakuwa mvivu, wala hakupungukiwa na imani. Walakini Yetro alimwonya wazi kwamba atadhoofika, yeye pamoja na watu wake. Angalieni: pamoja na watu wake! Mwenye kuchoka hachoki peke yake.

Basi mtazameni mwalimu wa darasa la kwanza katika kijiji cha Kabambare. Septemba 2019 Serikali ya Kongo iliondoa karo katika shule za msingi za umma, na watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani wakaingia shuleni. Ni jambo jema, tena la haki. Lakini watoto waliongezeka upesi kuliko walimu na madawati. Mwalimu huyo alfajiri yuko katika shamba lake la muhogo, asubuhi yuko ubaoni, jioni anafundisha wakatekumeni, na Jumapili anaongoza sala mahali ambapo padri hafiki. Kwanza hukosa usingizi. Kisha hukasirika kwa neno dogo, na fimbo huinuka upesi. Mwisho hajali tena: mtoto ajue kusoma, asijue, kwake ni mamoja. Watu husema amekuwa mvivu. Wengine humshauri asali zaidi. Kusali ni vema sana. Lakini Yetro hakumwambia Musa aongeze sala.

Wataalamu nao wanaujua uchovu huo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa si ugonjwa, bali ni hali itokayo katika mateso ya kazi yaliyodumu bila kutunzwa: nguvu huisha, moyo hujitenga na kazi, na kazi yenyewe huharibika.

Yetro alishauri nini? Wachaguliwe watu wachao Mungu, wasiopenda rushwa, wawe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, na wa makumi. Mashauri madogo wayaamue wenyewe. Magumu wayapeleke kwa Musa. Njia ya namna hiyo ilifuatwa hata huku Maniema. Katika miaka ya 1970 waganga wa Kasongo walipanga vituo vya afya vijijini, ili mwenye homa atibiwe karibu na kwake, na hospitali ibaki na wagonjwa wazito. Mgonjwa naye alipunguziwa mwendo.

Shuleni vilevile. Wanafunzi wakubwa wanaojua kusoma waweza kukaa na wadogo, kila mmoja na watano wake. Wazee wawili wa kanisa waongoze sala kwa zamu. Mkuu wa shule asimwache mtu yule yule katika darasa lililojaa miaka yote. Na mwalimu aonaye haya kupumzika awakumbuke Mitume: waliporudi katika kuhubiri, hata nafasi ya kula hawakuwa nayo, na Bwana Yesu mwenyewe aliwaita kando wapumzike.

Ila jambo moja lisifichwe. Mshahara usiofika hauponywi kwa mapumziko. Kumhubiria uvumilivu mwalimu asiyelipwa ni kumtwika mzigo mwingine. Lile ni deni, na wenye kudaiwa wapo.

Musa alikuwa amesema na Mungu mlimani, na Yetro alikuwa mgeni tu, kuhani wa Midiani. Hata hivyo Musa hakuona haya kumsikiliza. Akawachagua watu wake, akawagawia kazi. Kisha mzee akaaga, akashika njia ya kwao.