Picha ya Kubishania

Mtu mzima akiingia darasani hulinda heshima yake kwanza, Kiingereza baadaye. Fundi magari ambaye mtaa mzima unamwita bosi hataki kuchanganya “he” na “she” mbele ya kijana aliyekuwa saidia fundi wake juzi tu. Basi anakaa kimya, anaandika sana, na kila akiulizwa anatabasamu.

Ndiyo maana katika madarasa ya jioni napenda kubandika picha ukutani. Macho yote yanahamia kwenye picha, na anayezungumza anapumua. Ila picha nazo zina adabu zake. Ukimwinulia mkulima picha ya jembe na kumuuliza linaitwaje, umemrudisha darasa la kwanza. Mwalimu wa zamani Comenius alipochapisha Orbis Pictus mwaka 1658, kitabu cha kufundishia watoto Kilatini, kutaja vitu kwa picha kulifaa. Hao walikuwa watoto.

Paulo Freire, aliyewafundisha vibarua wa Angicos, Brazil, kusoma na kuandika mwaka 1963, naye alitumia picha, na jembe lilikuwemo. Swali lake lilikuwa jingine: hapa pichani, kipi binadamu amekitengeneza na kipi amekikuta? Mtu aliyelima maisha yake yote ana la kusema hapo. Wale walikuwa wakijifunza kusoma lugha yao wenyewe, Kireno, lakini naona dawa ni ileile: muulize mtu mzima jambo ambalo wewe mwalimu huna jibu lake mfukoni.

Picha ninayoipenda ni ya ndani ya daladala. Konda amenyoosha mkono, mama mmoja anahesabu sarafu, abiria wengine wamegeuzia nyuso dirishani kana kwamba hawasikii. Nani anamdai mwenzake? Darasa hugawanyika papo hapo. “She no have money,” anasema bosi wetu. Muuza mitumba anaruka: “No! Conductor, he hide the change!” Hapo mwalimu aume ulimi. Ukimkatiza mtu kwa ajili ya kitenzi, hatafungua tena kinywa mpaka vipindi viishe. Mimi huyaandika makosa pembeni, kisha ubishi ukipoa nayapeleka ubaoni bila kumtaja mtu. (Picha za theluji na mabasi mekundu ya London nimeziachia watunga vitabu.)

Siku hizi nawaambia walete picha zao, zile zilizomo kwenye simu. Mama lishe mmoja alituonyesha sufuria kubwa la pilau alilopika kwenye harusi. Wakamuuliza mchele kilo ngapi, kuni nani alinunua, halafu bosi akauliza mbona nyama haionekani. Mama akasimama. Alijibu kwa Kiingereza kirefu kuliko chote nilichowahi kumsikia nacho, mikono kiunoni, na nusu yake sikuielewa, ila bosi aliielewa yote.